Sanduku la Matundu Matatu

Najua nina sifa ya kutia chumvi. Nikisema nimeona nyoka mrefu, watu humkata nusu, kisha wanaikata ile nusu. Hili msilikate. Lilinikuta mimi mwenyewe, adhuhuri, sijanywa hata tone la pombe. Mke wangu yuko hai, mkamuulize. Ila msimuulize mbele yangu, nitatafuta pa kujificha.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, reli imeshafika Morogoro. Mchana nilikuwa mpima mizigo stesheni, na usiku nilisoma kwenye darasa la watu wazima mpaka nikahitimu. Loo, nilivyohitimu! Nadhani hata mbuzi wa Kilakala walipata habari. Niliweza kusoma, kuandika, na kuchora duara, mraba na pembetatu bila mkono kutetemeka.

Mwanangu Tomasi ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, hatua tatu na kuanguka. Tulitaka kumpeleka Matombo kwa kina mama yake. Sasa, Waluguru mnawajua: mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba anaheshimiwa, anapewa kigoda, basi. Jambo hilo lilikuwa likiniwasha. Nilitaka wakwe waone kwamba akili za mtoto zimetoka kwangu.

Ndiyo nikaenda kumchagulia kitu cha kuchezea dukani kwa Banyani mmoja niliyezoea kutaniana naye. Alinitolea vitu viwili vya mbao kutoka Ulaya. Kimoja kilikuwa pete tano, kubwa hadi ndogo, za kupanga juu ya kijiti. Kingine sanduku lenye matundu matatu juu yake, duara, mraba na pembetatu, pamoja na vipande vya kupitisha, kila kipande na tundu lake.

"Mtoto ana meno mangapi?" akaniuliza.

"Sita."

"Basi chukua pete. Ni kubwa, hawezi kuzimeza, na hata akikosea zinakaa. Sanduku utamletea akikua."

"Huyu si mtoto wa kawaida, bwana. Baba yake amesoma!"

"Baba amesoma, sawa," akasema huku akilifunga sanduku kwa karatasi. "Mtoto je?"

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Nyumbani, Mama Tomasi hakucheka. Alikuwa amemsugulia mtoto vifuu vitatu vya nazi, laini kabisa, kimoja kinaingia ndani ya kingine, na mtoto alishinda navyo kutwa. Nikamwambia aviache nyumbani tusije tukaonekana washamba. Akaviacha.

Tulianza kupanda mlima alfajiri. Adhuhuri tukapumzika juu ya jiwe kando ya njia, karibu na mti mnene wenye uwazi shinani. Mama Tomasi akachukua kibuyu ateremke kijitoni.

"Mwache mtoto apumzike," akaniambia. "Usimsumbue na hilo sanduku lako."

"Nimsumbue nini? Wewe nenda."

Hata hajapotea machoni nikalifungua. Nilitaka tufike mtoto anajua. Nikampa kipande cha mraba. Akakisukuma kwenye duara. Nikamwonyesha. Akakisukuma kwenye duara. Nilimwonyesha mara mia. Haya, mara saba. Akakitia mdomoni, akacheka, akakisukuma kwenye duara. Hapo nikamchapa kibao mkononi. Alinitazama kwanza kabla ya kulia, kama anayetaka kuhakikisha kwamba ni mimi kweli.

Ukungu ukashuka. Nilipoinua macho, upande wa pili wa sanduku ameketi mtoto mwingine, umri uleule, uchi, hana hata ushanga. Mimi ndevu zinadondoka maji, yeye mkavu kama unga. Mtaniuliza kwa nini sikukimbia? Nilidhani mama yake yuko karibu analima. Akachukua kile kipande cha mraba, akakiweka juu ya tundu la duara. Kikapita, niaminini, wala hakikusikika kugonga chini. Akachukua pembetatu, nayo ikapita mle mle. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi mhitimu nilipiga makofi.

"Hodari!" nikasema. Kisha nikasema lile neno. "Laiti wewe ndiye ungekuwa wangu! Huyu ningemwacha hapa hapa."

Kisulisuli kidogo kikapita, kikazungusha majani, nikafumba macho. Nilipofumbua, mtoto alikuwa mmoja tu, amevaa kishati cha Tomasi, ametulia tuli, na vipande vyote vitatu vimerudi mbele yake. Nikajiambia yule mgeni amerudi kwao. Moyo ulikuwa unajua, nikaunyamazisha.

Mama Tomasi aliporudi akamfunga mgongoni. "Mbona amekuwa mwepesi?"

"Amemwaga machozi mengi," nikajibu, nikacheka peke yangu.

Tulifika jua bado liko juu. Nikaamkia shikamoo zote, na hata maji sijanywa nikalitoa sanduku. Mtoto akapitisha vipande vyote vitatu. Watu wakashangilia! Shemeji Petro, mjomba wa mtoto, mtu wa mizaha, akaleta kiazi kikuu kikubwa kama kichwa changu.

"Haya shemeji, msomi wako apitishe na hiki, labda kitatokea kimeiva!"

Mtoto akakishika kwa mikono miwili. Kikapita. Kicheko kikakatika. Petro akafungua kifuniko cha sanduku: tupu. Hata vile vipande havimo.

Mama mkwe hakuwa na habari na sanduku. Alikuwa akimtazama mtoto. "Huyu hajapepesa jicho tangu afike," akasema. "Amenyonya?"

"Amekataa tangu kule mlimani," mke wangu akajibu.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hajawahi kunikazia macho, siku ile alinikazia. "Baba Tomasi, kule juu ulisema nini?"

"Sikusema kitu, mama."

"Huyu ni wa vinyamkera, wale pepo wa mlimani. Wanakaa kwenye miti yenye uwazi, wanatembea na kisulisuli adhuhuri. Hawaibi mtoto, wanapewa. Ulisema nini?"

Mwanangu yuko mlimani peke yake, jua linateremka, nami ninaangalia nitaonekanaje! Sina la kujitetea hapo.

"Sema," akaniambia Mama Tomasi. "Hasira nitakuwa nazo baadaye. Sasa hivi sema."

Nikasema, neno kwa neno, mbele ya mama mkwe, mashemeji na watoto wao. Mke wangu hakulia. Alimchukua yule mtoto, akamweka mapajani pangu. "Mbebe wewe. Wewe ndiye uliyemchagua."

Tukarudi mlimani mbio, mama mkwe mbele, mzee yule, Petro akimfuata, mimi nyuma nahema. Pale mtini akaniamuru nimweke yule kiumbe kwenye uwazi, kisha nimwombe wangu. "Usimsifu," akasema. "Taja anayoshindwa, na useme unamtaka hivyo hivyo."

Nikapiga magoti. "Namtaka wangu. Yule anayeanguka hatua ya nne. Yule anayesukuma mraba kwenye duara. Namtaka huyo." Nikarudia yote tena, kwa sauti zaidi.

Nyuma ya jiwe mtoto akalia. Tulimkuta ameloa, sauti imekwisha, na mle shinani yule kiumbe ametoweka, kimebaki kishati kitupu. Nikanyoosha mikono. Akanitazama, akageuka, akamnyooshea Petro.

Sasa ni mkubwa kidogo, mzima wa afya. Anakaa Matombo kwa mjomba wake. Mama Tomasi alibaki huko naye, akarudi kwangu baada ya mavuno mawili. Sikumhimiza, ningeanzia wapi? Nikienda kumwona mtoto huniamkia vizuri, "Shikamoo baba," lakini nikimpa kitu hutazama kwanza mkono wangu, kisha hupokea, kisha hukipeleka kwa mjomba.

Basi ninyi mnaowachagulia watoto vya kuchezea, ulizeni mtoto ana meno mangapi, msiulize wakwe watasema nini. Mpeni kinachomtosha mkononi, mkae naye, akosee mpaka achoke. Na mkiwa mlimani adhuhuri, ukungu ukashuka, msimsifu mtoto msiyemjua. Mwiteni wenu kwa jina, mwekeni kifuani. Mimi wangu nikimwita leo, huitika kwa adabu, kisha hubaki pale pale alipo.