Mikate ya Mayai ya Harusi ya Mdogo Wangu

Mama yangu ndiye aliyekuwa akioka mikate ya mayai ya harusi karibu zote za mtaani kwetu Msambweni. Alikuwa akikaa mkekani, sufuria mapajani, akayapiga mayai na sukari kwa mkono mpaka yakaumuka, yakawa meupe, wala hakukubali mtu ampokee kazi hiyo. Kisha akapatwa na kiharusi. Alipata nafuu, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, na harusi ya mdogo wangu wa kike ilikuwa imekaribia.

"Tutanunua biskuti," alisema, akageukia ukutani.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa msaidizi wa jikoni katika hoteli ndogo ya Wazungu huko Diani. Mpishi mkuu alikuwa mtu wa Kinango, Mkristo, mkali wa usafi. Nilipomweleza habari za mama, aliendelea kupara samaki wake. Halafu akasema, "Mlete mchana, wageni wakilala. Bwana mwenye hoteli nitazungumza naye mimi."

Mama akaja kwa basi na kikapu cha mayai. Mpishi akamwamkia, "Shikamoo, mama," akamwekea kiti karibu na mashine ya umeme ya kuchanganyia. Mama aliikagua kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Mpishi akaondoa kile chuma bapa cha kukandia donge la unga, akapachika mchapo wa nyaya wa kupigia mayai, uliofanana na dema dogo la kutegea samaki, akalipangusa bakuli kwa kitambaa kikavu.

"Mafuta yakibaki humu, mayai hayaumuki," akasema.

"Hilo nalijua, mwanangu," mama akajibu.

Mayai na sukari vilipokwisha kutiwa bakulini, mimi, kwa pupa, nikaiwasha mashine kwa kasi. Mayai yakaruka ukutani, kifuani mwangu, mpaka kwenye pua ya mama. Mama akacheka! Tangu augue hatukuwa tumemsikia akicheka. Upande mmoja wa mdomo ulichelewa kidogo, lakini kicheko kilikuwa chake kabisa. Mpishi naye akacheka hata akajishika kiuno.

Tukaanza upya, polepole kwanza, kisha tukaongeza mwendo. Aliyeamua ni mama. "Bado," alisema. "Bado." Aliponiamuru nizime na kuinua mchapo, rojo lilishuka kama utepe, likalala juu bila kuzama.

"Basi. Tia unga na iliki, uchanganye kwa mwiko, taratibu. Usiitoe pumzi iliyomo."

Tukaitia mikate ovenini, ikafura vizuri. Siku ya harusi mpishi alikuja amevaa koti, akaketi na wanaume, na mama akaamrisha sinia la kwanza lipelekwe kwake.

Mkono wa mama haukurudi kama zamani, ila yeye alirudi kazini: aliketi kitini, akiwaelekeza mabinti wa majirani wapige mayai, akiwagombeza kwa raha zake. Nami, nikiwaombea dua wazazi wangu, yule mtu wa Kinango humtaja pamoja nao.