Mkwe Hamgusi Mama Mkwe

Watu wanadhani unesi ni sindano na gauni jeupe. Wapi! Unesi ni mgongo. Kwenye wodi yetu huku milimani Lushoto vitanda ni vya chuma, vifupi, na ule mpini wa kuvipandisha uliharibika kabla mimi sijaajiriwa. Kila kitu unakifanya umeinama: kuosha, kutandika, kumgeuza mgonjwa asichubuke. Na ukisema mgongo unauma, majirani wanakucheka. Wao wameshusha kuni toka msituni tangu alfajiri, wewe umeshinda ndani ya nyumba, mgongo unaumwa na nini? Basi unanyamaza.

Mimi niliacha kunyamaza mguu wa kushoto ulipoanza kufa ganzi. Daktari alinieleza waziwazi: pingili ya uti wa mgongo imetoka mahali pake, ukijitonesha tena hutabeba kitu maishani. Nyumbani nilikuwa na mtoto anayenyonya, na kwetu mtoto anapanda mlima mgongoni kwa mama, hakuna njia nyingine. Niliogopa, nasema kweli. Nikapatana na mwenzangu wa zamu kwamba kila mgonjwa tutamwinua wawili.

Tukizidiwa huwa tunaita ndugu wa mgonjwa. Lakini si kila ndugu anaitika. Mkwe hamgusi mama mkwe wake. Wakikutana njiani mwanamume anapisha pembeni, anainamisha macho, wanasalimiana kwa mbali. Ndiyo heshima, nami nimelelewa nayo.

Asubuhi moja ya ukungu mwenzangu aliitwa chumba cha kujifungulia, nikabaki peke yangu. Kwenye kitanda cha dirishani alilala bibi mmoja mzito, amepooza upande mmoja. Binti yake alikuwa ametoka kutafuta uji. Mlangoni alisimama mume wa huyo binti, kijana wa miraba minne anayeshusha matenga ya nyanya mabegani hadi barabarani. Nikasikia bibi anaguna. Kugeuka, keshateleza, nusu ya mwili iko nje ya kitanda, khanga imemvuka.

"Kaka, njoo tumshike!"

Akageuza uso ukutani. "Sista, yule ni mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako anaanguka! Heshima gani hiyo, mtu apasuke kichwa wewe unatazama ukuta?" Nilimfokea, na maneno mengine siyaandiki hapa.

Ndipo bibi akasema, kwa Kishambaa, kwa ulimi wake mzito: "Mwache. Asinione hivi."

Hasira ikaniisha. Alikuwa radhi aanguke. Ningekuwa mimi, na mkwe wangu yuko pale mlangoni, ningesema hivyohivyo. Nikamfunika kwanza. Kisha nikapitisha mikono kwapani mwake, nikasema Bismillahi, nikamvuta.

Bibi alirudi kitandani salama. Mimi nilisikia kitu kinaachia kiunoni, miguu ikaisha nguvu, nikajikuta sakafuni natazama uvungu. Nikapiga ukelele, mimi ambaye kila siku nawakataza wanawake wanaojifungua wasipige kelele.

Yule kijana akaja mbio. Mimi si mkwe wake. Alininyanyua kwa mikono miwili, peke yake, bila hata kuhema, akanilaza kwenye kitanda kilichokuwa wazi. "Pole sana, sista," akasema. Kisha akainamisha macho na kurudi mlangoni. Bibi alikuwa analia, chozi linaingia sikioni, na hakuwepo wa kumfuta.

Sikumchukia yule kijana, wala leo simchukii. Siku hizi nakaa dirisha la mapokezi kugawa kadi za wagonjwa. Mwanangu alibebwa na dada yangu, mgongoni kwake akalala, mgongoni kwake akaota meno, mpaka akajua kutembea. Sasa ni mkubwa, anakimbia na wenzake kwenye mteremko, na akijikwaa akaumia ananipita mimi nimekaa kizingitini, anakwenda kumlilia dada yangu.