Mkono wa Recho Haujaoza

Immakulata anasema aliona kwa macho yake. Anasema Recho alikuwa anakamua ndizi, usaha ukatoka kwenye uvimbe wa mkono wake ukadondokea kwenye pombe, na mwenyewe akaendelea kukanda kama hakuna kitu. Hayo jirani huyu ameyasimulia kisimani, kanisani na kwenye mashine ya kusaga. Kila akisimulia, usaha unaongezeka.

Uvimbe hauna usaha. Hauna hata tundu.

Saa moja asubuhi, hapa Makere, Recho Ininahazwe, mjane wa watoto wanne, amepiga magoti kwenye mtumbwi wa kukamulia, anakanda ndizi mbivu kwa nyasi. Chini ya kiwiko uvimbe unaonekana, mkubwa kama yai la kuku. Ukiubonyeza unateleza chini ya ngozi. Hauumi. Anao tangu mwaka 1988.

“Miaka minane wamekunywa, nani alikufa?” anauliza. “Leo ndiyo mkono umeoza?”

Ubaya ulianza mwaka jana, 1996, alipompeleka mtoto mwenye homa zahanati. Mganga wa pale, Bwana Makarius, aliutazama mkono akiwa ng'ambo ya meza. Hakuugusa. Akasema, foleni nzima ikisikia, kwamba hiyo ni saratani, mama ajiandae.

Kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa kimeshamzika.

Pombe ya ndizi hunywewa kwenye mtungi mmoja, mrija ukipita mkono kwa mkono. Mpikaji huvuta kwanza, watu wajue hakuna sumu. Sasa Recho akivuta, wanaondoka. Asipovuta, wanasema hata yeye anaiogopa. Alikuwa anamaliza mitungi minne kila gulio. Jumamosi iliyopita hata mmoja haukuisha.

Pasikali, mteja wake wa zamani, alipita akamtania: “Shemeji, huna iliyobaki ya mwaka juzi?”

Watu walicheka. Recho hakucheka.

Wakati huo Recho alikuwa ameshakwenda hospitali ya wilaya, Kasulu. Daktari aliubonyeza, akakata kipande kidogo, kikapelekwa Mwanza. Baada ya miezi mitano jibu likarudi: ni uvimbe wa mafuta, si saratani. Akaambiwa hauna haja ya kukatwa, isipokuwa ukikua au ukianza kuuma. Saratani yenyewe, daktari alimwambia, haiambukizwi kwa mrija.

Karatasi ni ya Kiingereza. Mwalimu Philomena aliwasomea watu gulioni. Wakasema mwalimu si mganga.

“Basi asome mganga,” anasema Recho, nyasi zikimkatikia mkononi. “Aliyeniua ni yeye, anifufue yeye. Msamaha wake siutaki. Aje Jumamosi, asome kwa sauti kama alivyosema kwa sauti. Halafu mimi nivute, na yeye avute mrija uleule.”

Mwandishi alimpelekea Bwana Makarius ombi hilo, pamoja na karatasi. Aliisoma yote. Akaigeuza, akatazama nyuma ambako hakukuandikwa kitu, akaikunja vizuri na kuirudisha.

Kisha akaita mgonjwa anayefuata.