Mlichi Uliogawanywa kwa Ukuta

Mama mkubwa Chaihing hapendi mbegu. Ukila lichi mbele yake kisha ukaitia mbegu mfukoni, atakuuliza kama una umri wa kuchezea.

"Mbegu ya lichi haina adabu," husema. "Mama mtamu, mtoto mchachu kama wa msituni."

Milimani nyuma ya kijiji chetu, upande wa mji wa Gaozhou, kusini kabisa mwa nchi, milichi ya porini ipo mpaka leo. Matunda yake ni madogo, ganda nene, nyama kidogo, na hata ndege huyaonja wakaghairi. Kutoka tunda lile mpaka hili tunalopigania mezani ni kazi ya watu wengi wasiojulikana majina. Walichagua tawi lililozaa vizuri, wakalimenya gome kidogo, wakalifunga tope, wakasubiri liote mizizi likiwa bado juu ya mti, ndipo wakalikata na kulipanda. Wafalme wa kaskazini waliwahi kuhamisha milichi mizima kwenda kwenye bustani zao, nayo ikafa kwa baridi, na watunza bustani wakaadhibiwa. Mama mkubwa akifika hapo kwenye hadithi hucheka. "Wangeniuliza mimi," husema, kana kwamba alikuwepo.

Kazi ya kufunga tope ndiyo aliyokuja nayo alipoolewa na kaka yake baba. Tope lake analichanganya na makapi ya mpunga yaliyooza, analikanda kama unga wa maandazi, na wanakijiji wengi wamepanda matawi yaliyoota mizizi mikononi mwake. Wengi wameyachukua kutoka mti mmoja, mlichi wetu wa aina iitwayo jani jeusi, ambao hakuna anayejua ulipandwa na nani.

Babu alipofariki, mti huo uligawanywa kama inavyogawanywa nyumba. Matawi ya mashariki yalikuwa ya baba mkubwa, ya magharibi ya baba. Baadaye ndugu hao wakagombana kwa sababu ya kuku, wakajenga ukuta wa matofali uliokuja kugota kwenye shina pande zote mbili, kila mtu akabaki na nusu ya shina kwake. Baba mkubwa naye alipofariki, ugomvi ulikwisha, lakini ukuta ulibaki, na Mama mkubwa na baba wakazoea kutaniana juu yake.

"Shemeji Poksang, majani yako yameanguka kwangu."

"Yachemshe unywe, pengine utapata akili."

Mlichi una tabia ya kuzaa mwaka mmoja na kupumzika mwingine. Mwaka ninaousimulia, ulikuwa umepumzika kupita kiasi, kwa mara ya pili mfululizo. Dawa yake kila mtu anaijua: wakati wa baridi unakata pete nyembamba ya gome kuzunguka shina, chakula kinachotengenezwa na majani kinashindwa kushuka mizizini, kinabaki juu, na mti unatoa maua. Kwa mti mchanga, jeraha hujifunga lenyewe. Kwa mti mzee, ni kucheza na roho yake. Mama mkubwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwakataza watu.

Lakini binti yake Sauwan alikuwa ameolewa mwaka ule, na wakwe walitarajiwa kuja kula malichi msimu wa kwanza, kama ilivyo desturi. Kumkaribisha mkwe chini ya mlichi usio na tunda ni aibu. Basi Mama mkubwa akachukua kisu, akakata nusu ya pete upande wake, pana kidogo ili ifanye kazi, akajiambia kwamba nusu ya shemeji ingetosha kuilisha mizizi. Akaning'iniza ungo juu ya jeraha.

Machi mti ulichanua mpaka matawi yakainama. Nyuki walijaa, wapita njia walisimama kusifu, na baba alitembea kifua mbele kana kwamba alichanua yeye. Mama mkubwa peke yake hakufurahi. Aliona majani yanakuwa ya manjano na ncha za matawi zinakauka. Nusu pete haiwezi kufanya hivyo. Akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, akachungulia upande wa pili, na kuona gunia limefungwa shinani.

Baba alikuwa kibarazani anakunywa uji wa mchele.

"Shemeji, hilo gunia linaficha nini?"

"Gunia ni gunia. Na wewe huko juu, umekuwa paka?"

"Lifungue."

"Upande huu ni wangu."

"Lifungue, nami nitaondoa ungo wangu."

Baba akaweka bakuli chini polepole. "Ungo upi?"

Alipolifungua gunia, nusu pete ya baba ilionekana, pana vidole viwili, na ncha zake zilipenya kati ya ukuta na shina zikakutana na za Mama mkubwa kama watu waliopatana.

"Nilikata nusu tu," baba akasema.

"Na mimi nusu tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka. Na wewe?"

"Ungenitukana."

"Ningekutukana, ndiyo. Ona sasa, tumekuwa na akili nusu nusu, na zikijumlishwa hazifiki moja."

Mizizi ilikuwa inakufa njaa huku juu kukiwa na karamu. Mama mkubwa alijua njia moja tu: kuchukua vitawi vyembamba vibichi, kuchonga ncha zote mbili, na kuvichomeka chini ya gome juu na chini ya jeraha, viwe madaraja ya kupitishia chakula. Ila mti usingeweza kuponya jeraha na kulea matunda kwa pamoja. Maua yote yalipaswa kukatwa.

"Yote?" baba akauliza. "Mwaka wa mavuno kama huu? Mti huu una watoto kijiji kizima. Ukifa, tutachukua tawi kwa jirani."

"Wewe pia una watoto. Tukuache ufe?"

"Na wakwe zako je?"

Mama mkubwa alikuwa ameshawaandalia viti vipya. Akayatazama maua, kisha akashuka ngazi, akarudi na mkasi, akaanza kukata upande wake. Vishada vilianguka ukutani, vingine kwetu, vingine kwake. Alipomaliza tawi la tatu, baba akaingia ndani akatoka na panga.

"Hilo la kukatia mianzi?" Mama mkubwa akamwambia. "Lete mkasi, mwuaji wewe."

Ili kuchomeka madaraja yaliyo karibu na ukuta, ilibidi matofali yabomolewe pande zote mbili za shina. Baba alibomoa, Mama mkubwa alichonga vitawi, akavigongomea kwa misumari midogo na kuvifunga kwa utepe wa plastiki. Alimkataza baba asiguse hata kimoja.

Juni wakwe walikuja. Walikalishwa kwenye viti vipya chini ya mti mtupu, wakaletewa malichi ya jirani yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi ili yasiwatie joto mwilini. Mama wa mume wa Sauwan alitazama juu, akatazama shina lililofungwa utepe, akauliza kwa upole kama mti ulikuwa mgonjwa.

"Ulikuwa na njaa," Mama mkubwa akajibu. "Mimi na shemeji yangu tuliufungia chakula jikoni."

Mkwe akacheka mpaka akakohoa, akaomba aelezwe, na habari ikasimuliwa yote, aibu na vyote, huku baba akimrekebisha Mama mkubwa kila alipopunguza kosa lake.

Julai madaraja mengine yalikauka na mengine yakashika. Baba ndiye aliyeona kwanza majani mapya, mekundu na laini, kwenye tawi la magharibi.

"Upande wangu umetangulia," akatangaza kupitia tundu la ukuta.

Mama mkubwa akapitisha kichwa kwenye tundu hilo, akayatazama majani kwa muda mrefu, akafuta macho kwa kiganja.

"Upande wako ni wangu sasa," akasema. "Nani aliyeujengea madaraja?"