Tokeni Isiyokufa

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, hapendi kitu kisichojitambulisha. Jikoni kwake kila kopo lina lebo, hata la chumvi, na ukimwambia utakuja baadaye atakuuliza saa ngapi. Mimi humwita Bi Aina. Ndivyo alivyoiandika pia, kwa Python, lugha ya kompyuta, huduma inayoyatoa majibu maabara ya hospitali yetu na kuyafikisha kwenye simu za wauguzi: kila kinachopita kimetangazwa mapema, hii namba, hii tarehe, haya maandishi. Cha kubahatisha kinarudishwa mlangoni.

Na bila tokeni hupiti. Si ile ya umeme. Hii ni kibali ambacho simu hupewa ukiingia kwa nywila, na baada ya dakika ishirini kinakufa, uanze upya. Mimi muuguzi, glavu mikononi, nywila nitaiandika saa ngapi? Nilimganda wiki nzima mpaka akanipa tokeni isiyokufa. Mtu anayeweka lebo kwenye chumvi, kwangu hakuuliza kitu.

Jumatano asubuhi niliingia ofisini kwake.

"Wifi, simu yangu imeibiwa."

"Ina nywila ya kuifungua?"

"Haina."

Aliacha kuchapa. Mwizi sasa angeweza kusoma majibu ya kila mgonjwa, hata ya wale wasiotaka waume zao wajue.

"Si uizime tu hiyo tokeni?"

"Siwezi kuizima peke yake. Sikuweka orodha ya tokeni, huduma inakagua tu sahihi iliyotiwa kwenye tokeni. Nikibadilisha ufunguo wa sahihi, zinakufa zote. Hospitali nzima."

"Subiri basi zamu iishe."

"Na wagonjwa waendelee kusomwa?"

Akizima, mkurugenzi atauliza kwa nini, na hapo kibarua chake kimeota nyasi. Kaka yangu hana kazi, watoto watatu, nyumba nzima inamtegemea wifi.

Alipiga simu wodi kwa wodi: dakika mbili, mtatolewa, mwingie upya. Chumba cha upasuaji wakapiga kelele. Walikuwa wanasubiri kundi la damu la mama aliyejifungua na damu haikatiki.

"Kimbia maabara," aliniambia. "Wapelekee kwa karatasi."

Akabonyeza. Nilikimbia roho mkononi, ngazi mbili mbili, karatasi nimeikunja kiganjani. Korido nzima wauguzi walikuwa wanazitukana simu zao. Mama yule alipata damu. Nilisubiri mlangoni mpaka nikaambiwa.

Niliporudi, wifi alikuwa anajaza kwenye kompyuta ripoti ya mkurugenzi, fomu aliyoitengeneza mwenyewe. Haikubali nafasi wazi. Tumeilalamikia mwaka mzima. Aliyetoa tokeni: jina lake. Sababu: uzembe wake mwenyewe. Aliyepewa: hakuna kitu.

"Mbona hapo hujajaza? Si itakataa?"

"Haitakataa. Nimeibadilisha sasa hivi," alisema bila kunitazama. "Hapo si lazima."

Nilimkasirikia, nikajionea aibu, vyote kwa pamoja. Nikavuta kibodi upande wangu, nikaandika jina langu, jina la baba, na wodi ninayofanya kazi.