Jumla ya Mia na Ishirini

Ofisi ya jarida la chuo ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya stoo ya viti vibovu, na kila aliyepanda ngazi zile alimjua mhariri msaidizi kwa jina moja tu: Bwana Jumla. Wapiga chapa ndio waliombandika jina hilo alipokuwa bado kijana, na likamkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake. Jarida lilipokea elimu za kila namna. Asubuhi aliweza kusoma habari za wadudu wanaotoboa nafaka ghalani, kabla ya chai ya saa nne akawa kwenye sheria za mirathi, na mchana ukamkuta katikati ya mabishano ya wanahistoria kuhusu reli iliyong'olewa zamani. Hakuwa bingwa wa hata mojawapo ya fani hizo, na hakujidai. Kazi yake ilikuwa nukta, mikato, marejeo na, zaidi ya yote, majedwali. Alitembeza kalamu juu ya tarakimu huku midomo ikicheza, akijumlisha kimoyomoyo, na safu ikikataa kutimia, mwandishi alirudishiwa karatasi zake hata angekuwa mkuu wa kitivo.

"Bwana Jumla," profesa mmoja wa uchumi alimtania siku moja mbele ya watu, "wewe hata siku ya kiyama utamwomba malaika daftari uhakikishe hesabu."

"Nitaliomba mapema, Profesa, kabla foleni haijawa ndefu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alicheka kwa meno tu. Ilikuwapo safu moja ambayo haikutimia, naye aliitimiza kwa mkono wake mwenyewe.

Mwezi mmoja kabla ya kustaafu kwake, Mhariri Mkuu, profesa wa jiografia aliyemzidi kwa cheo lakini mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, aliingia na karatasi mkononi. Jarida lilikuwa linatimiza miaka hamsini, na makala thelathini bora zingechapwa upya katika kitabu kimoja chenye jalada gumu.

"Mzee wangu, hii ndiyo zawadi yako ya kuagia," alisema. "Ukimaliza kusahihisha prufu zake, nenda kapumzike."

Bwana Jumla alishusha macho kwenye orodha. Namba saba ilikuwa makala ya pamba. Aliisoma mara mbili, kisha akaivua miwani yake na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Miaka ishirini na sita nyuma, daktari mmoja mwanamke alikuwa amewafuatilia wanawake mia na ishirini waliokuwa wakichambua pamba kiwandani, wote wenye maradhi ya kifua yatokanayo na vumbi. Kiwanda kilifunga mashine ya kuvuta vumbi, naye akarudi baada ya mwaka kuona imewasaidiaje. Jedwali lake lilikuwa na mistari miwili: waliopata nafuu, tisini na wanne, wasiobadilika, kumi na watano. Chini yake aliandika jumla: mia na ishirini.

Haikutimia. Walipungua kumi na mmoja.

Maelezo yao yalikuwamo katika sehemu ya mwisho ya mswada, kurasa tatu kamili. Lakini Mhariri Mkuu wa wakati ule alikuwa na sheria yake kuwa makala isizidi kurasa kumi na nne, na sehemu ya mwisho ilikatwa kabla mswada haujafika kwa Bwana Jumla. Zaidi ya hapo, ofisi ilikuwa na utaratibu wa kutuma majedwali kwa mpiga chapa mapema, katika bahasha yake peke yake, kwa kuwa kuyapanga kulichukua siku nyingi. Ndiyo maana alilisoma jedwali likiwa limetengwa na maneno yake. Daktari alikuwa safarini, hakuna simu iliyomfikia, na mpiga chapa alikuwa amesimama mlangoni akimngoja. Bwana Jumla, aliyekuwa bado katika kipindi cha majaribio kazini, alipiga hesabu, akaona mwandishi ameteleza kalamu, akafuta tisini na wanne na kuandika mia na watano. Jumla ikakaa sawasawa. Alijisikia kama mtu aliyemfungia mwenzake kifungo kilichomfunguka mbele za watu.

Barua ya daktari ilifika wiki tano baada ya toleo kutoka. Ilikuwa fupi. *Hao kumi na mmoja mliowaweka kwenye nafuu wamekufa. Niliwazika baadhi yao. Naomba sahihisho.* Kujibu barua ilikuwa kazi ya mhariri msaidizi. Alimwandikia kwamba sahihisho lingetoka katika toleo lijalo. Wiki iliyofuata kamati ilikuwa inakaa kumthibitisha kazini, na alijiambia kuwa angengoja kamati ikae kwanza. Kamati ilikaa, ikamthibitisha, ikamsifu hasa kwa umakini wake katika tarakimu. Baada ya sifa ile hakuweza tena. Toleo lijalo likapita, na lililofuata. Barua aliihamisha kutoka trei ya mezani hadi droo, kutoka droo hadi faili lisilo na anwani, hata yeye mwenyewe asijue tena ilipo.

Labda kosa lingekufa kifo chake kama makala yenyewe ingesahauliwa. Haikusahauliwa. Mwaka wa tatu mhandisi mmoja aliandika juu ya mashine za kuvuta vumbi, akataja nafuu ya asilimia themanini na saba na nusu. Kisha mchumi akakokotoa siku za kazi zilizookolewa. Kisha mwanasheria akajenga hoja ndefu, yenye ufasaha wa kuogofya, kuwa kiwanda kilichofunga mashine hiyo kisibebeshwe lawama mfanyakazi anapodai kuugua kifua. Kila mmoja alimwegemea mwenzake, na wote waliegemea jedwali lile. Na kwa kuwa kuhakiki marejeo kulikuwa wajibu wa Bwana Jumla, kila jedwali hilo lilipotajwa alilazimika kushusha toleo la zamani rafuni, kufungua ukurasa, kulinganisha tarakimu iliyonukuliwa na iliyochapwa, na kuweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Zililingana siku zote. Mara kumi na tisa alikuwa ameuthibitisha uongo wake mwenyewe.

Hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Hata hivyo ilimtokea, akiwa peke yake kwenye chumba cha majarida mchana wenye jua kali, kusikia kikohozi nyuma ya rafu. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha adabu, kama cha mtu anayengoja zamu yake na hataki kusumbua. Mkutubi alimwambia ni bomba la maji. Aliafiki, lakini alijikuta akihesabu. Kwenye harusi ya mpwa wake alihesabu wanawake waliokaa safu ya nyuma. Kwenye korido ya hospitali alihesabu waliokuwa kwenye benchi, na walipotimia kumi na mmoja aligeuka akashuka kwa ngazi ya upande wa pili, huku akijiona mjinga. Elimu yote iliyopita mikononi mwake haikumpa neno hata moja la kuliita jambo hilo.

Asubuhi ya pili baada ya orodha ile, mkewe, mwalimu wa shule ya msingi asiyependa kuzungushwa, alimtazama akikoroga chai.

"Baba, hiyo chai umeikoroga mpaka imeshikwa na kizunguzungu. Una nini?"

"Kazi tu."

"Kazi gani ya mtu anayefungasha virago? Sema."

Alimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa kinywani, na alishangaa jinsi lilivyokuwa fupi.

"Wewe ndiye uliyewaua?" mkewe aliuliza.

"Hapana. Walikuwa wamekwisha kufa. Mimi niliwaandika wazima."

Mwalimu alikiweka kikombe chini taratibu. "Afadhali ungeniambia una mwanamke nje," alisema hatimaye. "Huyo ningejua pa kumtolea. Hawa kumi na mmoja uliowaleta humu ndani nitawatolea wapi?"

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mhariri Mkuu, akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kumweleza yote.

"Mzee wangu, unafukua nini sasa?" Mhariri Mkuu aliinuka akafunga mlango. "Kitabu kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa. Unajua ni watu wangapi wamelitegemea jedwali hilo? Hata mimi nimelitaja, makala yangu ya kwanza kabisa."

"Najua. Mimi ndiye niliyehakiki marejeo yako."

Profesa alirudi kitini. "Basi tuandike ni kosa la chapa. Si ndivyo tunavyoandika siku zote?"

"Mpiga chapa hakukosea. Alipanga nilichomwandikia."

"Basi mwandishi mwenyewe aidhinishe. Bila saini yake siwezi kugusa tarakimu ya mtu."

Alilisema kwa uzito wote wa cheo chake, na Bwana Jumla akatamani angelikuwapo mtu wa kumwambia neno hilo miaka ishirini na sita iliyopita.

Daktari alikuwa bado hai. Aliishi na binti ya dada yake kwenye nyumba ya chini ya jengo la ghorofa tatu, upande usiopata jua, ambako vitabu vilipangwa ukutani mpaka darini na vya chini vilikuwa vimevimba kwa unyevu. Alikuwa amepita sabini. Alikaa kitini wima, mkongojo umelala mapajani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Mpwa wangu ananiambia unatoka kwenye jarida. Nilifikiri jarida lilishakufa."

"Bado linatoka."

"Haya. Mimi ndiye niliyekufa, basi," alisema, akacheka kidogo. "Sema, bwana. Umekuja na nini?"

Alieleza kuhusu kitabu, jedwali, na sahihisho lililohitaji saini yake. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri, kila sentensi na mahali pake, na sasa aliyasikia yakitoka kama karatasi ya ofisi inayosomwa na mtu mwingine. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Niliwaandikia barua," alisema. "Ilifika?"

Bwana Jumla aliona wazi njia ya kutokea: miaka mingi imepita, ofisi imehamishwa, karatasi hupotea. Nani angejua?

"Ilifika. Niliipokea mimi. Nikakujibu mimi. Kisha nikaiweka."

"Najua. Jibu lako nilipata. Nikangoja. Nikaandika tena kutoka kituo changu kipya, kule ambako hata posta ilikuwa ndoto. Hiyo ya pili je?"

"Hiyo sikuiona. Wallahi, Daktari, hiyo sikuiona."

"Na mimi miaka yote hii nimekuwa nikimlaani yule tarishi wa kituoni aliyebeba barua zangu." Aliutazama mkongojo wake. "Maskini wa Mungu. Alikuwa na watoto wadogo, nami nilimnunia mpaka akahamishwa."

Hakumwambia kwamba amemsamehe, na Bwana Jumla hakuthubutu kuomba. Daktari aliitaka kalamu, akasoma sahihisho, akakata neno moja: mahali palipoandikwa, kwa lugha laini ya ofisi, *hawakufikiwa*, yeye aliandika *walikufa*. Akatia saini.

"Kurasa zangu tatu mlizokata, mnazo?"

"Hazipo. Nimetafuta siku mbili. Miswada ya miaka ile ilichomwa ofisi ilipohama."

"Na madaftari yangu yaliliwa na mchwa. Katika kurasa zile nilikuwa nimewaeleza mmoja mmoja. Aliumwa vipi, alifanya kazi upande gani wa mashine, alinieleza nini. Nilidhani wenye elimu nyingine wangezihitaji, kila mtu achukue chake. Kumbe walihitaji asilimia." Akamgeukia. "Kaa vizuri. Andika."

Alianza kuwataja. Wa kwanza alikuwa mnene, mcheshi, aliyewaita madaktari wote wakwe zake. Wa pili na wa tatu walikuwa ndugu, na waligombana hata walipokuwa wakipimwa pumzi. Wa nne alificha damu kwenye leso ili asirudishwe nyumbani. Bwana Jumla aliandika kwa mwandiko wake wa ofisini, mdogo na wima. Alikuwa amekuja kuwatua. Badala yake walikuwa wanaingia kwa zamu, kila mmoja na uso wake.

Baada ya wa tisa, Daktari alisita. Alifumba macho. Mpwa wake alileta maji, akayaweka, akaondoka.

"Walikuwa kumi na mmoja," alisema Daktari. "Hilo nina hakika nalo. Njoo kesho."

Sahihisho lilitoka kitabuni, mistari saba chini ya jedwali, na jina la mhariri msaidizi likiwa limeandikwa kwa kirefu chake. Mwanasheria aliandika barua ya ghadhabu. Mhandisi alipiga simu, akauliza swali moja, akakata simu. Bwana Jumla alistaafu bila hotuba, kwa matakwa yake mwenyewe, na kila Jumanne aliendelea kwenda kwenye nyumba ile isiyopata jua.

Wa kumi alipatikana wiki ya tatu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyeomba apewe nakala ya makala itakapotoka, ingawa hakujua kusoma. Daktari aliposema hivyo waliacha kazi siku hiyo.

Wa kumi na moja bado. Jumanne iliyopita Daktari alikaza macho ukutani kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama anayesikiliza mtu aliye chumba cha pili.

"Alikuwa anakaa karibu na mlango," alisema. "Alipenda kukaa karibu na mlango, kwa ajili ya hewa. Hilo nalijua. Uso ndio siuoni."

Bwana Jumla aliinua kalamu, akangoja, na bila kukusudia akageuka kutazama mlango.