Baba Alipokuwa Akisimama Kusalimu

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu kuliko zote, mwanangu, nayo ni siku niliyokataa kupiga magoti mbele ya Mzee Sitta. Wewe kaa nikusimulie. Mimi sitakaa, unajua mwenyewe kiti na mimi hatujawahi kupatana. Nitasimama na ungo wangu huu nichambue mchele huku nikisema, na ukiona nimenyamaza ujue nimeona kokoto.

Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa, naishi kwa wazazi nje kidogo ya Ngulyati. Damu ilikuwa inanichemka. Mama alipenda kusema kwamba nilizaliwa njiani kwa sababu nilishindwa kusubiri afike zahanati. Huenda alitania, lakini sijawahi kusubiri kitu kwa raha tangu hapo.

Siku za gulio nilifuatana na baba. Yeye alikuwa mkulima wa pamba, mrefu, mtu wa maneno machache, na pale kwetu alisifika kwa heshima. Maana kwetu salamu si kitu cha kurusha ukiwa unapita kama mtu anayefukuza kuku. Unasimama. Unauliza watu wa nyumbani, ng'ombe, pamba, mvua, na yule mgonjwa wa wiki iliyopita. Binti naye anapiga magoti. Basi baba alisimama kila mahali, na mimi nina beseni la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kichwani. Nilishushe, nipige magoti, "Mwangaluka, baba," nisubiri mpaka ng'ombe wote waulizwe hali, nijitwike tena. Tukifika gulioni, wauza michembe wenzangu wameshamaliza, wanatafuna miwa.

Watu walikuwa wakisema, tazama mzee yule, hampiti mtu. Mimi nilikuwa nasaga meno.

Ni magoti yangu yaliyogundua kwanza, mwanangu, si akili. Yalipochoka ndipo nikaanza kuangalia. Nikaona kuna nyumba ambazo baba alizipita kwa kupunga mkono tu, na nyingine alisimama hata kama mwenyewe hayupo. Mara moja alisimama kando ya shamba lisilo na mtu akaanza kuisifu pamba, na pamba yenyewe ilikuwa imeliwa na wadudu mpaka inatia huruma. Akisimama, uzito wote unakwenda mguu wa kulia, kisigino cha kushoto kinanyanyuka. Baada ya muda anaondoka mzima kabisa, kama si yeye. Tukienda tena kipande, anasimama. Zamani kituo chake cha kwanza kilikuwa kwa Mzee Sitta. Baadaye kikawa kwa jirani mwingine, Gamaya, ambako ni karibu zaidi na kwetu.

Nikamuuliza mama. "Mwanaume mzima ana mambo yake," akanijibu. "Usimchunguze baba yako." Lakini baadaye, tukiwa jikoni, akasema mwenyewe kwamba siku hizi baba analala mguu wa kushoto unaning'inia nje ya kitanda, naye alidhani ni joto. Kulikuwa pia na kidole cha mguu huohuo, kilichochomwa na kisiki cha mpamba wakati wa kung'oa masalia. Kilikataa kupona. Baba alikifunga kitambaa, akavaa raba juu yake, akawasha msokoto wake wa tumbaku, yakaisha. Ukimuuliza, "Mhola duhu." Salama tu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wahenga hawakuishi na baba yangu.

Sasa siku hiyo tukafika kwa Mzee Sitta. Huyu alikuwa rafiki yake tangu ujana, jirani wa kuheshimika, mzee ambaye akikohoa watoto wananyamaza. Kigoda kilikuwa tayari nje, kando ya njia. Baba akakaa. Mzee Sitta akanigeukia akisubiri salamu yangu, na mimi nimesimama na beseni langu kichwani kama mlingoti.

"Binti, hujaniona?"

"Nimekuona, baba. Leo sipigi magoti." Nikalishika beseni lisianguke. "Baba hakusimama kukusalimu. Amesimama kwa sababu mguu unamuuma. Akipumzika anakwenda, akienda unamsimamisha tena. Kila gulio tunasalimia watu wote wa njia hii, na hakuna hata mmoja anayeusalimia huo mguu!"

"Minza!" akasema Mzee Sitta. "Unamvua baba yako nguo barabarani?"

Baba aliinuka, akashika njia, akatembea haraka bila kusimama ili aonyeshe kwamba mimi ni mwongo. Alipita nyumba ya kwanza, akapita ya pili, na nilipomfikia alikuwa ameshika mti wa uzio kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka, macho ameyafumba. Michembe siku hiyo hatukuuza.

Nyumbani hakunisemesha. Shangazi aliitwa, akaja na kanga yake begani, akanisema tangu ukucha mpaka unywele. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, akasema, na ulimwengu wako unakuja. Akataka niombe radhi. Sikuomba. Si kwa kiburi, mwanangu, naomba unielewe hapo. Niliogopa. Niliona kwamba nikishaomba radhi kila mtu atafurahi, maneno yangu yatafutwa, na ule mguu utabaki vilevile. Niliogopa baba atakufa, na mimi nitasifiwa msibani kwa adabu yangu.

Kesho yake asubuhi nikamwona Mzee Sitta anakuja kwetu. Anakokota baiskeli, nyuma amefunga kile kigoda. Nikajua kesi yangu imepanda ngazi, nikatafuta pa kukimbilia. Yeye hakunitazama. Alikiweka kigoda chini mbele ya baba.

"Ndugu yangu," akasema, "hiki nilianza kukitoa nje tangu kabla ya mavuno, siku nilipokuona unahema. Gamaya naye anajichelewesha kwenda shamba ili ukifika pale uwe na mtu wa kusalimiana naye. Tulijua. Sote njia nzima tulijua. Tulidhani tunakutunzia heshima."

Baba akatazama chini.

"Binti yako hana adabu," Mzee Sitta akaendelea, na sauti ilikuwa imembadilika. "Lakini sikulala. Nimeona kwamba yeye hana adabu, na mimi mwenye adabu nakuzika polepole kwa kigoda. Leo sikukaribishi kukaa. Nimekuja na baiskeli. Panda nyuma twende hospitali Bariadi."

Laiti ungewaona. Wazee wawili kwenye baiskeli moja, mmoja anakanyaga huku anafoka, mwingine amekunja uso nyuma, na mimi nawakimbilia na mfuko wa nguo mpaka barabara kubwa tulikopata gari sote watatu. Pale Bariadi daktari alivua ile raba, akafungua kitambaa, akauliza swali moja au mawili tu, akaandika twende Mwanza. Hakusema wiki ijayo. Alisema leo.

Mwanza tulimkuta daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu. Mwanamke mfupi, mtu wa Tanga, ana macho ya kuchoka na mikono isiyochoka. Akasema, "Shikamoo, mzee," kisha akapiga magoti sakafuni ashike miguu. Baba masikini alishtuka. Alidhani msomi mkubwa vile anamsalimia kikwetu! Akajikusanya, akaitikia, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, akamwuliza watu wa nyumbani hawajambo, akamwuliza na ng'ombe. Daktari akajibu kwamba Tanga wote wazima, ila ng'ombe hana. Tukacheka sote. Vidole vyake lakini vilikuwa bado juu ya unyayo wa baba, vinatafuta, vinahama, nyuma ya goti, kwenye kinena, vinarudi. Nikaona kicheko kinamtoka usoni.

"Dada, weka kidole hapa," akaniambia. Mguu wa kulia, juu ya unyayo: kitu kinagonga chini ya ngozi, tu, tu, tu. "Na hapa." Mguu wa kushoto: kimya, na baridi kama chungu cha maji. Mpaka hapo nilikuwa na hasira zaidi kuliko hofu. Hasira ikaniisha palepale.

"Mzee, unatembea umbali gani kabla hujasimama?"

"Nafika kwa Gamaya," baba akasema.

Hakumcheka, huyo mama, Mungu ambariki. "Na mwaka jana?"

"Mwaka jana nilifika kwa Sitta."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa nafika gulioni."

"Na sasa ukiwa umelala?"

Baba akanitazama mimi, akamtazama rafiki yake. "Sasa hata nikilala unauma," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kukiri mbele yetu.

Akatueleza bila kuficha. Ipo mishipa inayoshusha damu miguuni na ipo inayoirudisha moyoni. Ule wa kushusha, wa mguu wa kushoto, umeziba pajani, na tumbaku ya miaka yote ile imesaidia kuuziba. Ukitembea, nyama za mguu zinadai damu, damu haifiki, zinalia. Ukisimama zinanyamaza kidogo. Sasa zinalia hata kitandani. Kile kidole kimeshakufa, lazima kiondoke. Mguu wenyewe unaweza kuokolewa akichukua mshipa mmoja wa kurudisha damu, akauunga juu na chini ya pale palipoziba, damu ipite pembeni.

Baba akafikiri. "Kumbe ni majaruba," akasema. "Mfereji ukiziba, unachimba mwingine pembeni mpunga upate maji."

"Hasa, mzee. Ila mpunga ukishakauka, hata ukileta ziwa zima haurudi."

Basi baba akaanza. Eti arudi kwanza nyumbani, ukoo ukae kikao. Nilitaka kupiga kelele. Mzee Sitta akanizuia kwa mkono. "Kikao ni wewe, mimi na Minza," akasema. "Kimeshakaa, kimeisha." Wewe huwezi kujua ilimaanisha nini wakati ule, msichana kutajwa kwenye kikao. Mimi mwenyewe nilielewa baadaye. Pale nilisikia neno kimeisha tu, nikaenda kumwita nesi.

Siku ya upasuaji nilitembea ile korido mpaka mlinzi akaniambia nikae, nawachosha wagonjwa. Mzee Sitta akamwambia, "Mwache. Hiyo miguu yake ndiyo iliyotuleta hapa." Nikaendelea kutembea. Nilikuwa naomba Mungu, nagombana na Mungu, naomba tena. Jioni nikaruhusiwa kumwona. Nikapeleka kidole juu ya unyayo wa kushoto, pale alipoweka daktari cha kwake. Ulikuwa na joto. Tu, tu, tu. Nililia kwa sauti mbele ya wodi nzima, sikuona haya.

Kidole kilikwenda, mguu ukabaki. Tumbaku ndiyo ilikuwa vita. Daktari alimwambia, ukivuta tena usiniletee huo mguu. Akaacha kwa shida, akawa anatafuna michembe yangu badala yake, mpaka biashara ikanifia.

Miezi ikapita, tukaenda gulioni. Gamaya alikuwa amesimama mlangoni kwake kama kawaida. Baba akampungia mkono, akapita. Kwa Mzee Sitta akasema "Mwangaluka!" huku anakwenda, akapita. Njia nzima watu wakanung'unika kwamba mzee amerudi kutoka Mwanza na maringo, siku hizi hasimami na watu. Nikamsikia Mzee Sitta akiwajibu kwa kelele, "Mwacheni apite! Hiyo ndiyo salamu!" Mimi nyuma beseni limenielemea, nikasimama nivute pumzi. Baba akageuka. "Minza, mbona unasimamasimama?" akasema. "Tutachelewa." Radhi sikuwahi kuomba, naye hakuwahi kuidai. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu.

Unajiuliza kwa nini nakusimulia leo, na kwa nini begi langu liko mlangoni. Mjomba wako Masanja, mdogo wangu, alikuja juzi kutoka Lagangabilili. Nilikwenda kumpokea stendi, tukatembea. Kufika kwenye duka la dawa akasimama, akatoa simu, akaitazama. Tukaenda, akasimama, akaitazama tena. Watu wa siku hizi hawasimami kusalimu, wanasimama kusoma simu, nani atakuuliza? Nikachungulia begani kwake. Simu ilikuwa imezima, kioo cheusi tii.

"Mguu upi?" nikamwuliza.

Akataka kucheka. Akanitazama, akaacha. "Yote miwili, dada," akasema.

Kesho alfajiri tunakwenda hospitali hapa Bariadi, na wakisema Mwanza tunakwenda Mwanza. Kwa hiyo nisikilize. Heshima ni nguo nzuri, lakini kidonda kilichofunikwa kwa nguo nzuri kinaoza vilevile. Mzee wako akianza kupumzika mahali ambapo zamani alipapita, usimtafutie kigoda ukaishia hapo. Mwulize. Mshike mguu, upapase uone kama una joto. Akikasirika, akasirike, hasira ya mtu mzima inapoa, mguu uliopoa haupati moto tena. Wewe mwenyewe ukiumwa, sema mapema, usiuzungushe ugonjwa kwa maneno mazuri. Na hiyo sigara unayodhani siinusi kwenye shati lako, izime leo. Wanasema subira yavuta heri, nami sibishi. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na miguu pia.

Haya, chukua huu ungo, nimeshamaliza. Mungu akupe miguu yenye joto na njia ndefu ya kuipitia. Akupe majirani wenye heshima. Na siku utakayosimama njiani ukijifanya unasalimia, akupe mtu mmoja asiye na adabu, akuulize ni mguu upi.